Haya ya Mzee

Mkuu mpya wa timu alifika Jumatatu na, nisiseme uongo, hakuna aliyeinua kichwa. Tulikuwa tumezoea. Wa kwanza kuletwa na mfadhili tulimwita Profesa, kwa sababu ya ubao wake. Wa pili alikuwa Bwana Kesho. Wa tatu, mwanamke mwenye sauti nzuri, tukampa jina la Mama Kikao. Huyu wa nne alitukuta tumechoka hata kubuni, tukamwita Mpya, basi. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini sisi wageni wamekuja mpaka wenyeji tumeugua.

Alisimama katikati ya gereji, kando ya gari letu la mbio lililokuwa juu ya jeki na injini yake chini sakafuni, akatuambia kwamba hakuja kumfukuza mtu. Wote walisema hivyo. Kisha akapiga makofi, akasema, "Haya, tuanze kazi."

Kinyozi, mkazaji wetu wa nati, akaangusha spana. Kimya, dereva wetu, aliyekuwa ameketi juu ya tairi anakunywa chai, akaruka wima, chai ikammwagikia viatuni. Kule pembeni shemeji yangu, Mzee, akainamisha uso kama mtu aliyesikia tusi mbele ya wakwe.

"Nimesema nini?" Mpya akauliza.

"Hujakosea," nikamwambia. "Ila hilo neno humu ndani hatulitumii."

Inafaa nieleze, maana hata yeye ilibidi aelezwe mara mbili. Timu hii ilianzishwa na ndugu wawili, marehemu mume wangu na kaka yake, huyu Mzee, kwa gari moja kuukuu. Mimi niliolewa humo. Kwa kuwa yule kaka mkubwa aliniita shemeji, mafundi nao wakaniita Shemeji, wafadhili wakafuata, mpaka beji yangu ya uwanjani imeandikwa Shemeji. Kazi yangu ni redio: mbio zikianza, mimi ndiye ninayezungumza na dereva.

Katikati ya mbio gari huingia kituoni, mbele ya gereji, libadilishwe matairi na kujazwa mafuta. Dereva aliye ndani ya helmeti haoni nati za nyuma zimekazwa au la. Anasubiri aambiwe. Zamani, kabla hatujawa na redio, Mzee alikuwa akipiga paa la gari kwa kiganja na kupaza sauti, "Haya!" na gari linaondoka. Redio ilipokuja, neno likabaki lile lile na mdomo ukabaki ule ule. Ananisogelea, ananinyang'anya kipaza sauti, anatamka, ananirudishia. Mguu wa dereva hufunzwa kulitii kabla kichwa hakijafikiri. Ndiyo maana tuliweka mwiko: hakuna mwingine wa kulisema, wala Mzee mwenyewe halisemi kwa jambo jingine lolote. Tunasema sawa, tunasema ndiyo, tunasema twende basi. Hata kwenye sarufi tumelikimbia. Mafundi wetu wote husema "tairi hizi" na "mafuta hii", na Profesa alidhani hatukwenda shule.

Mazoea yana taabu. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniambia neno hilo hata nyumbani; nikimwita mezani alikuwa akijibu "sawasawa." Timu nyingine zilitucheka, zikatuita timu isiyo na haya. Kwa jinsi tulivyokuwa tukishindwa kila msimu na bado tukarudi msimu unaofuata, labda hawakukosea sana.

Mpya hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Aliniita ofisini, kwenye kile chumba chenye ubao wa Profesa, kiti cha Bwana Kesho kinachozunguka upande mmoja tu, na birika la Mama Kikao. Akafunga mlango.

"Shemeji, Mzee anasikia vizuri?"

Sikio lake la kushoto lilishaliwa na injini tangu zamani, na la kulia lilikuwa njiani. Katika mbio zilizopita alimchelewesha Kimya kituoni kwa sababu hakusikia fundi wa mafuta aliposema tayari. Magari mawili yalitupita tukiwa tumesimama pale.

"Nataka niweke taa," akasema. "Nyekundu, kaa. Kijani, ondoka. Timu zote zinatumia taa. Mzee apumzike."

"Apumzike wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni kwangu," nikamwambia.

Nikamweleza. Mzee ni mjane kama mimi, watoto wake wako mbali, naye anaishi katika chumba cha uani nyumbani kwangu. Siku ambazo hakuna kazi namwona: anaamka mapema, anavaa viatu, anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka mchana. Mfadhili alipoingia, walimvua uongozi wa timu aliyoiunda kwa mikono yake. Hakugomba. Aliwaachia ofisi, akabaki na neno moja. "Mkimchukulia na hilo," nikasema, "afadhali mumwache basi akae gerejini awe anaona gari. Mkimfungia nje kabisa, mtaniletea nyumbani mtu aliyekwisha."

Mpya alijifuta uso kwa viganja. Alikuwa na wiki moja tu kazini na tayari alikuwa na macho kama yetu.

"Akae," akasema. "Asiguse redio, asivuke mstari wa njano wa kituoni. Lakini dhamana ni wewe, Shemeji. Likitokea la kutokea, Mzee hataingia tena hapa."

"Sawa," nikasema.

Nilimwambia jioni ile ile, mezani. Nilitegemea hasira, maana shemeji yangu ana hasira za kurithi. Akanisikiliza huku amenigeuzia sikio la kulia.

"Taa," akasema. "Kwa hiyo neno halina kazi tena."

"Halina, shemeji."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikaona bora nimalize maongezi, nikamsogezea kikombe. "Chai hiyo."

"Haya," akasema.

Nusura nidondoshe chupa ya chai. Yeye akacheka, akacheka mpaka akakohoa, akifunika mdomo kama mtoto aliyeiba sukari. Kuanzia hapo ukawa ndio wimbo wake. Nikisema, shemeji, funga mlango. Haya. Shemeji, kesho mvua. Haya. Jirani akimwita, haya. Paka akimlilia miguuni, haya, haya, nimekusikia. Miaka yote ile alikuwa amelifungia neno ambalo watu wengine wanalimwaga ovyo, na sasa alikuwa amefunguliwa. Nilifurahi kumwona hivyo. Mtu aliyechoka hufurahia chochote kisichomwongezea kazi, na mimi nilikuwa nimechoka, kwa hiyo sikufikiri zaidi ya hapo.

Tulifanya mazoezi ya taa wiki nzima. Kimya hakusema kitu, kama kawaida yake, lakini aliondoka kwenye kijani na alisimama kwenye nyekundu, na Mpya akaanza kula chakula cha mchana pamoja nasi.

Siku ya mbio tulikuwa katikati ya msafara, si wa mwisho wala wa kabla ya mwisho. Kwetu hiyo ni arusi. Kimya akaingia kituoni vizuri, taa ikiwa nyekundu, jeki ikaingia chini, gari likainuka. Matairi ya mbele yakafungwa. La nyuma upande wa kulia likafungwa. La nyuma upande wa kushoto, lile la Kinyozi, nati ikagoma.

Kinyozi jina lake linatokana na kazi yake. Siku za kawaida ananyoa watu, siku za mbio anakaza nati. Alikuwa amepiga goti, mashine mkononi, anajaribu tena. Nikabonyeza kitufe cha redio. "Nati, Kimya. Tulia. Subiri taa."

Kidole gumba kikiwa bado juu ya kitufe, nikamwona Mzee. Alikuwa amevuka mstari wa njano, amerefusha shingo kuelekea lile tairi. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anaitazama nati inayogoma kama fundi yeyote angeitazama. Alikuwa karibu nami sana, upande wa kipaza sauti. Nikaogopa Mpya asije akamwona.

"Mzee, rudi nyuma," nikamwambia.

"Haya," akaniitikia kwa utii, kama alivyokuwa akiniitikia nyumbani.

Sauti yake ikaingia moja kwa moja kwenye helmeti ya Kimya. Taa ilikuwa nyekundu. Kimya aliniambia baadaye, na kwake hayo yalikuwa maneno mengi, kwamba aliiona, aliiona vizuri kabisa, lakini mguu haukuwa wake. Gari lilikuwa bado juu ya jeki. Tairi la nyuma likazunguka hewani, mashine ya nati ikiwa imeling'ang'ania, na mkono wa Kinyozi ukiwa kwenye mashine. Nikasikia mfupa. Kisha gari likaanguka kutoka kwenye jeki, likaserereka kidogo, likazimika.

Watu wakakimbilia kwa Kinyozi. Mzee akabaki amesimama, anageuza lile sikio lake zima huku na huku.

"Nani kamwambia aondoke?" akauliza. "Shemeji, nani kamwambia?"

Nikakitoa kidole changu kwenye kitufe. Alikitazama kidole, akanitazama usoni, na hapo akaelewa. Akarudi nyuma ya mstari wa njano, mwenyewe, akasimama pale mpaka mbio zilipokwisha.

Kamba hukatikia pabovu, na kwetu pabovu siku zote ni kiti cha mkuu. Mfadhili aliitisha kikao, Mpya akaingia humo akiwa na kazi, akatoka bila kazi. Nilimfuata ofisini nikamkuta anafunga vitu vyake katika mfuko mmoja. Hakuwa amekaa vya kutosha kuhitaji sanduku. Nikamwambia dhamana ilikuwa yangu, kidole kilikuwa changu, na alipaswa kunitaja.

"Ningekutaja wangetufukuza wote wawili," akasema. "Halafu hawa watu wangebaki na nani?" Akanipa mkono. Aliacha kalenda yake ukutani, ikajiunga na ule ubao na birika.

Mchana ule ule mfadhili akaniita mimi. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha Bwana Kesho, anajizungusha upande mmoja.

"Safari hii hatuleti mtu wa nje," akasema. "Watu wanakusikiliza wewe. Chukua timu."

Nilipaswa kufurahi. Nakumbuka nilichokifikiria ni miguu yangu, jinsi ilivyokuwa inauma, na kwamba hakunikaribisha kukaa.

"Kuna jambo moja," akaendelea. "Yule mzee asivuke lango la uwanja. Si gerejini tu, langoni. Watu wa bima hawataki, na mimi sitaki."

"Ni shemeji yangu. Timu ni yake."

"Ilikuwa yake."

"Na nikikataa?"

"Tunafunga. Nimechoka, Shemeji. Hii timu inanila tu."

Alisema kweli, uso wake ulionyesha, na sijui kwa nini hilo lilinikera kuliko kama angenitisha. Nikamfikiria Kimya, ambaye hakuna timu nyingine itakayomchukua kwa umri wake. Nikamfikiria Kinyozi na plasta yake. Nikakubali, kwa sauti ndogo. Akaniomba nirudie, hakusikia. Nikakubali tena, kwa sauti kubwa.

Nikaenda nyumbani nikiwa nimejipanga kumwambia. Mzee hakuwepo. Siku hizo alikuwa akishinda dukani kwa Kinyozi, ambaye hakuweza kunyoa lakini alifungua kila siku ili wateja wasimsahau. Wanakaa wawili, wanatazama barabara. Mara ya kwanza Mzee alipokwenda kumwomba radhi alishindwa kusema, machozi tu, na Kinyozi ndiye aliyelazimika kumbembeleza: "Mzee, ajali haina kinga. Kaa, kiti hicho." Lile neno hakulitamka tena tangu siku ya mbio. Ukimwambia jambo anaitikia kwa kichwa.

Jioni akaingia jikoni mbio mbio, viatu hata hajavua.

"Shemeji! Kumbe wamekupa wewe?"

"Nani kakuambia?"

"Mji mzima unajua! Kimya kapita dukani. Kimya kasema, hebu fikiria, kafungua mdomo." Alikuwa anacheka. Tangu ajali sikuwa nimeyaona meno yake. "Sasa timu imerudi nyumbani. Mdogo wangu angekuwepo leo, angelia."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikamwuliza kama amekula.

Ngoja ngoja yaumiza matumbo, na langu liliniuma siku zote zilizofuata. Asubuhi nilijiambia jioni, jioni nikajiambia asiharibikiwe usingizi. Nilimpigia simu mlinzi wa lango, nikampa agizo, nikamtajia jina na sura. Kumwambia mlinzi kulikuwa rahisi. Nikajidanganya kwamba labda siku ya mbio Mzee hatapenda kuja, kwa aibu ya yaliyotokea. Nani asingependa kubaki nyumbani baada ya yale?

Alfajiri ya siku ya mbio nikamkuta sebuleni, amekwisha kuvaa. Ovaroli ya timu, ile nyekundu ya zamani yenye majina ya ndugu wawili kifuani, ameipiga pasi mpaka mikunjo imesimama. Viatu vinang'aa. Ndevu amenyolewa, nadhani Kinyozi alimwelekeza mtu kwa ule mkono mwingine.

"Leo siku yako ya kwanza," akasema. "Siwezi kuja nawe nimevaa kama naenda sokoni."

"Tumechelewa," nikasema. Hatukuwa tumechelewa.

Ndani ya gari alizungumza njia nzima. Nisiwe na ubao kama Profesa. Nisimpigie kelele Kimya, Kimya hukunja moyo. Yeye mwenyewe hatasogea popote, atakaa nyuma kabisa ukutani, hata pumzi atavutia kule, nisiwe na wasiwasi naye. Nilikuwa nikisema moyoni, kwenye mzunguko ule namwambia, tukaupita mzunguko. Nikasema, kwenye kituo cha mafuta. Kisha tukawa tumefika langoni, na watazamaji tayari wamejaa pande zote mbili za uzio, wanatafuta tiketi mifukoni.

Mlinzi akainama dirishani. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Akaniangalia mimi, nikaangalia usukani. "Mzee, samahani sana. Nimepewa agizo, wewe usiingie."

"Agizo la nani?" Mzee hakukasirika, alishangaa tu.

"La mkuu wa timu."

Shemeji yangu akacheka kwa sauti, akanigonga begani kwa kiganja, kwa fahari, ili mlinzi aone. "Wewe umechelewa habari, mwanangu. Wale wameondoka wote. Mkuu wa timu ni huyu hapa."

Mlinzi akajishughulisha na kamba ya filimbi yake. Mimi nikazidi kuutazama usukani. Kiganja cha Mzee kilikuwa bado begani mwangu, na nikasikia kikipungua uzito, kidogo kidogo, mpaka kikaondoka.

"Shemeji," nikasema. "Walisema watafunga timu. Kinyozi, Kimya, wote wangekosa kazi. Nilitaka kukuambia, kila siku nilitaka."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anaitazama ovaroli yake, kwenye magoti, pale mkunjo wa pasi ulipokuwa umeanza kulegea kwa kukaa.

"Ungeniambia nyumbani, shemeji," akasema. "Nisingevaa."

Akafungua mlango akashuka. Nilimwita, lakini nilimwita upande wa kushoto, hakusikia. Akashika njia ya kandokando ya uzio, kurudi tulikotoka, wima, asiangalie ndani. Hakwenda mbali. Baba mmoja aliyebeba mtoto mabegani akamsimamisha, kwa sababu ya ile ovaroli, akamwuliza kitu. Mzee akamwelekeza kwa mkono, lango lile pale. Wakaja wengine, wanawake wawili na tiketi zao, akazisogeza karibu na macho, akazisoma, akawaonyesha upande wao. Akapiga hatua chache, wakamsimamisha tena. Kila aliyemwuliza alimjibu.

Gari lililokuwa nyuma yangu likapiga honi. Mlinzi akainua kizuizi, nikaingia.